Sura ya Nne: Taa Juu ya Maji Meusi

Mwaloni Kibirizi, Kigoma, asubuhi, boti ya Kagunga inapakia. Kreti za soda zimeshaingia, magodoro mawili yamefungwa juu ya turubai, na spika imening'inizwa kwenye nguzo kwa kamba ya katani. Inapiga Kasongo ya Super Mazembe. Mama mmoja aliyekalia gunia la unga anacheza kwa mabega tu, maana miguu haina nafasi. Baharia wa boti, kijana wa miaka kama ishirini, anapokea mizigo kwa kufuata mapigo ya gitaa.

"Mzee," akaniuliza, "wewe si ulikaa ng'ambo, Kalemie? Huyu jamaa anasema nini humo ndani?"

Nikamwambia. Anayeimba amevaa sauti ya mke. Mume ameondoka nyumbani, na mke anamsihi arudi.

Kijana akasimama na kreti mkononi. "Alaa! Sasa mbona tunacheza?"

Swali hilo nimeulizwa kwa namna nyingi. Mwanafunzi wa chuo huniuliza akitaja nyimbo za Ulaya za kinanda: kweli wimbo unaochangamka hivi unaweza kuitwa muziki wa giza? Dada wa saluni hapa Mwanga huuliza kwa nini wimbo wa harusi umemtoa machozi. Wote wanauliza jambo moja, na wabishi wamegawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza inasema giza ni mwendo wa polepole, besi nzito na sauti ya mtu anayekaribia kulia, kwa hiyo wimbo unaochezeka hauwezi kuwa nalo. Ya pili inasema maneno ndiyo yanayoamua, mapigo ni pambo tu. Nadhani kambi zote mbili zimekosea, tena zimekosea mahali pamoja: zinadhani mapigo na maneno ni vitu viwili vinavyoshindana.

Maneno mawili ya kuanzia

Kwanza tutenganishe huzuni na giza. "Wimbo wa huzuni" tunasema kila siku. "Wimbo wa giza" hatusemi sana, na ni vizuri tujue tunataka kumaanisha nini kabla ya kulisema. Huzuni ina anwani. Fulani amekufa, fulani ameondoka, shamba limeuzwa. Mwenye huzuni unampa pole, unakaa naye mkekani, na baada ya arobaini unatazamia awe ameanza kutoka nje. Giza halina anwani. Ni kuhisi kwamba humu ndani mna kitu, kinatembea, na wenzako ama hawakioni ama wanakiona na hawasemi.

Neno la pili ni sinthesaiza. Ni kinanda cha umeme kisicho na nyuzi wala mabomba. Sauti yake huundwa na mkondo wa umeme, kwa hiyo kinaweza kuiga filimbi, au kutoa mlio ambao hakuna mnyama, mti wala chuma kilichowahi kuutoa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 vinanda hivi vilishuka bei, na vijana wa Uingereza, Ujerumani na Japani wakaanza kutengeneza nyimbo kwa kinanda na mashine ya ngoma, yaani chombo kinachopiga mapigo chenyewe bila mpigaji. Ndiyo popu ya sinthesaiza: mapigo yaliyonyooka, melodi ya kushika haraka, na mwimbaji ambaye mara nyingi anaimba kama anayesoma barua ya mtu mwingine.

Kwa kipimo hicho Bongo Fleva ni ndugu yake wa damu. Imepikwa kwenye kompyuta, kwa vinanda na mapigo ya mashine, tangu mwanzo. Najua wenyewe hawapendi kuambiwa hivyo.

Nyumba mbili za Kasongo

Turudi botini. Wimbo wa dansi la Kikongo wa enzi za Kasongo una nyumba mbili. Nyumba ya kwanza ni ya maneno: mwendo wa wastani, waimbaji wawili au watatu wanapokezana, kisa kinasimuliwa mpaka mwisho. Nyumba ya pili ni sebene, yaani sehemu ambayo gitaa la solo linashika usukani, ngoma zinakaza, waimbaji wanabaki kupiga kelele za kuhamasisha, na kila mtu anaingia uwanjani.

Mpangilio huo si wa bahati mbaya. Malalamiko hutangulia. Ukumbini, kabla ya kuinua mguu, ulikwisha kusikia kwamba mwanamke ameachwa. Hukucheza kwa sababu hujui, ulicheza kwa sababu umekwisha kujua, na aliye mbele yako naye anajua, pengine hata yeye mwenyewe kaachwa. Sebene ilikuwa jibu la ukumbi mzima kwa yule mke.

Kisha nyumba ya kwanza ikaanza kubomolewa. Katika miaka ya 1980 huko Paris, Kanda Bongo Man alijipatia jina kwa kufupisha sehemu ya polepole na kuingia moja kwa moja kwenye sebene. Wapiga disko wakafanya vivyo hivyo kwa nyimbo za zamani, wakiweka wimbo kuanzia katikati. Kijana wa leo amekuta watu wanacheza bila kujua kwamba walikuwa wametoka kulia.

Huku Kigoma kuna tabaka jingine, nalo ni lugha. Wazee wengi wa Ujiji asili yao ni Manyema, ng'ambo ya ziwa, lakini lugha waliyovuka nayo na kuishi nayo ni Kiswahili. Kilingala ni lugha ya Kinshasa, ya jeshi na ya bendi. Ilitufikia kwa redio na kwa kaseti, ikiwa imeshavaa viatu vya kuchezea. Nimekua na watu walioimba nyimbo nzima za Mkongo Franco silabi kwa silabi bila kujua neno moja lina maana gani. Waliziimba vizuri kuliko mimi niliyejua.

Super Mazembe wenyewe walikuwa Wakongo waliotoka kwao wakapitia Zambia, na mwaka 1974 wakatia nanga Nairobi. Walikuwa mbali na kwao wakiimba habari za mtu aliye mbali na kwake. Na wimbo haujazeeka. Miaka ya karibuni vijana wa Kenya wamelichukua jina Kasongo wakampachika Rais William Ruto kama jina la utani, na umati mzima unauimba barabarani kwa kejeli. Nikiwaona nacheka, halafu nakumbuka kwamba mwenye wimbo bado hajarudiwa na mumewe.

Je, Kasongo ni wimbo wa giza? Kwa maoni yangu, hapana. Ni wimbo wa huzuni uliopata wafariji wengi.

Kuhusu skeli, kwa haraka

Wajuzi watakuambia siri iko kwenye skeli. Skeli ni ngazi ya noti ambayo wimbo unapandia na kushukia. Ngazi ya meja husikika wazi, kama mlango uliofunguliwa, na ya maina husikika kama mlango uliorudishwa nusu. Basi wanasema meja ni furaha na maina ni huzuni, yamekwisha. Waende makaburini siku Wakristo wanapozika. Nyimbo nyingi za Tenzi za Rohoni zinazoimbwa udongo ukishuka ziko kwenye meja. Mlango uko wazi kabisa, na wanaochungulia ndani wanalia.

Mtani anapoingia msibani

Mtu asiye wa nchi hii akihudhuria mazishi yetu anaweza kudhani kuna kichaa kaingia. Watu wamekaa kimya, wafiwa wameinama, ghafla anatokea mtani. Amevaa koti la marehemu. Anatembea kama marehemu, kwa kuchechemea kule kule. Anakohoa kama yeye, anadai deni ambalo marehemu hakulipa, anajilaza kwenye njia ya kaburini na kusema maiti haipiti hapa mpaka atozwe mtu. Watu wanacheka. Mjane anacheka, kisha anaangua kilio kikubwa kuliko cha asubuhi.

Utani, kwa msomaji wa mbali, ni uhusiano wa kurithi kati ya makabila au koo unaowapa watu ruhusa ya kutukanana na kufanyiana mzaha bila ugomvi, na pia kuwapa wajibu wa kusaidiana wakati wa msiba. Naona hapa kuna ufunguo ambao kambi zetu mbili hazina. Mtani hafuniki msiba kwa furaha. Kama angekuwa anafunika, angeimba jambo jingine. Yeye analeta kitu kilekile cha kutisha, mwendo wa mtu ambaye hatatembea tena, na anakifanya kichekeshe. Kichekesho ndicho kinachokuonyesha ukubwa wa pengo. Mwondoe mtani na msiba unabaki na uchungu wake, lakini ile sekunde ambayo marehemu alionekana kuingia mlangoni haitatokea.

Mwanamuziki aliyeifanya kazi ya mtani kuliko wote ni Remmy Ongala. Alizaliwa mwaka 1947 Kindu, huko huko Manyema walikotoka mababu wa Ujiji, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, baadaye akaongoza Super Matimila. Alifariki Desemba 2010, na kituo cha daladala cha Sinza bado kinaitwa Kwa Remmy. Ana wimbo ambao jina lake ni Kifo tu. Unachezeka. Gitaa linatiririka kama maji ya bomba lililosahauliwa, na mwenye sauti ya kukwaruza analalamikia kifo kama anayemlalamikia jirani asiye na adabu. Ana pia Mambo kwa Soksi, wimbo wa kuhimiza kondomu wakati ukimwi unazoa watu, uliojaa vichekesho hadi redio ya taifa ikakataa kuupiga. Wakubwa waliona matusi. Mimi nasikia mtani aliyejilaza njiani na kusema maiti haipiti hapa.

Kwa ufupi mpaka sasa: mwendo wa haraka haufuti uchungu, na wala hauuongezi peke yake. Kinachobadilisha mambo ni nani anajua, na nani anacheza bila kujua.

Kinanda kisichochoka

Sasa tuingie kwenye sinthesaiza yenyewe, maana ina jambo ambalo gitaa la Super Mazembe halina.

Mwaka 1980 bendi ya Uingereza iitwayo Orchestral Manoeuvres in the Dark, vijana wa karibu na Liverpool, walitoa wimbo Enola Gay. Kama hujui Kiingereza utadhani ni wimbo wa kiangazi. Kinanda kinapiga melodi ya kurukaruka ambayo mtoto wa chekechea angeishika kwa kusikia mara moja, na mashine ya ngoma inatembea kwa furaha chini yake. Enola Gay ni jina la ndege ya Marekani iliyodondosha bomu la atomiki juu ya mji wa Hiroshima, Japani, tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi. Rubani aliipa ndege hiyo jina la mama yake. Bomu nalo lilipewa jina lenye maana ya mvulana mdogo. Mama na mtoto.

Hadithi hiyo ina uzi unaofika kwetu. Sehemu kubwa ya urani iliyojaza bomu lile ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, wakati Kongo ikiwa koloni la Ubelgiji. Mgodi uko mbali kusini, karibu na Likasi, na mawe yake hayakupita bandari yetu. Lakini Katanga ya wakati ule ndiyo hiyo ambayo mwisho wake wa mashariki ulikuwa maji ya Tanganyika, milima ile ile inayoonekana kutoka Bangwe hapa Kigoma siku ya anga safi. Na Kongo hiyo ndiyo kwao Super Mazembe. Nchi moja imetoa watu wa Kasongo na imetoa moto wa Hiroshima, na zote mbili zimeishia kwenye nyimbo za kuchezea.

Lakini hazichezeki sawa. Super Mazembe ni watu. Ukisikiliza vizuri unamsikia mpiga ngoma akiongeza kasi kidogo sebene inapopamba moto, unamsikia mwimbaji akivuta pumzi. Wanachoka pamoja nawe. Mashine ya ngoma haichoki. Pigo la dakika ya tatu ni lile lile la sekunde ya tatu, halikuongezeka wala kupungua, na lingeendelea vivyo hivyo hata chumba kikiwa hakina mtu. Kwenye wimbo wa mapenzi hilo halisumbui. Kwenye wimbo kuhusu ndege iliyopaa asubuhi nzuri, ikafanya kazi yake na kurudi, utulivu ule wa mashine unaanza kuwa ndio maana yenyewe. Melodi haijui ilichobeba. Inarukaruka tu.

Hapo ndipo nasema ndiyo, popu ya sinthesaiza inayochangamka inaweza kuwa na giza, tena giza ambalo muziki wa polepole hauwezi kulipata. Wimbo wa maombolezo kuhusu Hiroshima ungekupa nafasi yako mkekani. Enola Gay inakunyima mkeka.

Kuna mwingine wa jamii hiyo, 99 Luftballons wa bendi ya Kijerumani Nena, uliotoka mwaka 1983. Maputo tisini na tisa yanapaa, wanajeshi wanayadhania adui, vita vinaanza, dunia inabaki magofu. Ulipofika Marekani ulipanda hadi nafasi ya pili ukiwa kwa Kijerumani, yaani mamilioni waliucheza kama sisi tulivyocheza Kilingala.

Ngoma ina maana ngapi?

Huku kwetu kinanda kisichochoka kiliingia kwa mlango wa nyuma. Kampuni ya Casio ya Japani ilianza kuuza vinanda vidogo mwanzoni mwa miaka ya 1980, vya plastiki, vilivyokusudiwa watoto na wanaojifunza. Vilipofika vitongoji vya Dar es Salaam, vijana waliokulia kwenye ngoma za Kizaramo walivichomeka kwenye amplifaya za kutengeneza wenyewe na spika za honi, wakazungushia ngoma za mkono, na ukazaliwa mchiriku. Kundi la Jagwa Music la Mwananyamala lilianza mwaka 1992 na kufika mpaka majukwaa ya Ulaya. Sauti ya kinanda hicho ikipita kwenye honi inapasuka. Inakuwa kama nyigu aliyefungiwa kwenye kopo.

Mchiriku unakimbia na unakesha. Na maneno yake? Kukosa kazi, unga, rafiki aliyekugeuka, mke aliyechukuliwa, ugonjwa. Watu wa heshima waliuita muziki wa wahuni na kufunga madirisha, na kwa kufunga madirisha wakakosa kusikia taarifa ya habari iliyokuwa ikisomwa mtaani mwao.

Mtoto wa mchiriku ni singeli, ambao umeondoa hata zile ngoma za mkono na kuacha kompyuta peke yake. Mwendo wake unaanzia mapigo mia mbili kwa dakika na kuelekea mia tatu. Moyo wa mtu aliyetulia hupiga kati ya sitini na mia. Yaani singeli si mwendo wa mtu anayecheza, ni mwendo wa mtu anayekimbizwa, na ukimsikiliza anayeimba juu yake mara nyingi ndiyo habari anayokupa: anadaiwa, anatafutwa, analala kwa zamu. Bodaboda wa Mwandiga wanaupiga kwa sauti ya juu kwenye mlima wa Kigoma, na abiria nyuma anashika vizuri.

Kabla hujasema kwamba giza kwenye muziki wa kuchangamka ni fikra za kuazima, tazama neno lenyewe. Ngoma ni chombo. Ngoma ni mchezo wenyewe. Siku hizi ngoma ni wimbo wowote mpya, "kaachia ngoma". Na mtaani, tangu ukimwi ulipoanza kuua, ngoma ni ukimwi: "ana ngoma", mtu anasema kwa sauti ya chini. Rapa Mwana FA alimwita mwimbaji Lady Jaydee wakaimba Alikufa kwa Ngoma, na hakuna Mtanzania aliyeuliza kama marehemu alifia dansini. Sijui ni nani wa kwanza aliyeuita ugonjwa ule kwa jina la dansi. Lakini aliyefanya hivyo alikuwa mtani, na alikuwa ameelewa jambo hili lote bila kusoma sura yoyote.

Si kila kinachochangamka kina siri

Nisije nikakufanya uogope kila harusi. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma, wakiwamo Diamond Platnumz, Mwasiti na Linex, walikusanyika kama Kigoma All Stars wakatoa Leka Dutigite. Jina ni la Kiha, na kwa Kiswahili ni kama kusema acha tujidai. Nimeupekua wimbo huo juu na chini. Watu wanajidai, basi. Ni kama nguo mpya ya Idi, hupekui mifuko yake.

Kuna pia kosa la upande wa pili, la kudhani maneno ya uchungu yanatosha. Bongo Fleva ina mamia ya nyimbo za kuachwa juu ya kinanda cha kuchangamka, na nyingi hazina giza wala huzuni. Kuachwa kumekuwa kama chumvi tu, kunatiwa kwa mazoea. Ukibadilisha maneno yakawa ya kusifia simu mpya, wimbo haushtuki.

Jaribio la simu

Simu yako inaweza kupunguza mwendo wa wimbo hadi robo tatu au nusu. Chukua wimbo unaobishaniwa, upunguze, kisha jiulize:

1. Umekuwa wa kuhuzunisha zaidi, au umekuwa wa kawaida? Kasongo ukipunguzwa unahuzunisha zaidi. Mke anasikika vizuri.
2. Ulichokihofia kwenye wimbo bado kipo? Enola Gay ukipunguzwa unakuwa kumbukumbu ya heshima, na kile cha kutisha kinaondoka. Basi kilikuwa kinakaa kwenye mwendo.
3. Anayeimba anajua ninyi mnacheza? Remmy anajua. Mchiriku unajua. Melodi ya mashine haijui chochote.

Swali la pili ndilo la kuamua. Kama ukiondoa furaha giza nalo linaondoka, basi furaha haikuwa pazia. Ilikuwa ukuta mmojawapo wa nyumba.

Kuna rafiki yangu mwalimu wa kwaya ambaye hakubali hata kidogo. Anasema nimejaza maji kwenye pakacha: wimbo ukimchezesha mtu umemfurahisha, na mengine ni maneno ya watu wasiojua kucheza. Nimemjibu mara nyingi na hajatingishika. Lakini yeye huyo huyo, siku ya kumzika baba yake, alicheka mpaka akashikwa mkono mtani alipovaa kofia ya mzee, na sijamsikia akisema siku ile alifurahi.

Usiku wa giza la mwezi

Dagaa wa ziwa hili huvuliwa usiku, na si usiku wowote. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi hukaa nyumbani, hushona nyavu, hulala. Wanangoja giza la mwezi, kwa sababu dagaa huifuata taa, na taa haina nguvu chini ya mbalamwezi. Zamani ilikuwa karabai ya mafuta ya taa. Siku hizi ni taa za betri, nyeupe zaidi na kimya. Ukisimama Katonga saa tatu usiku unaona mji mzima juu ya maji, mistari ya taa mpaka upeo, na mgeni huuliza ni mji gani ule wa Kongo. Hakuna mji. Chini ya kila taa kuna wavu umetandazwa, unangoja.

Kiswahili nacho kinaujua mchezo huu wa nuru na giza. Mwanga ni nuru. Mwanga pia ni mchawi atembeaye usiku, na wingi wake ni wanga. Sisi tuna eneo zima la mjini linaitwa Mwanga na tunapanda daladala kwenda huko bila kufikiri mara mbili.

Niliwahi kutoka na wavuvi usiku mmoja. Walikuwa na spika ndogo imefungwa karibu na betri ya taa, inapiga singeli bila kupumzika, na maji yaliyozunguka taa yalikuwa yanameta kijani kama uwanja wa harusi. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 mahali pake pa chini kabisa, la pili duniani baada ya Baikal la Urusi, na hewa ya oksijeni iko kwenye tabaka la juu tu, mita mia moja mpaka mia mbili. Chini ya hapo samaki hawaishi. Nilikuwa nafikiria hayo, na muziki ulikuwa unanikera, nikamuuliza nahodha kama kelele zile haziwafukuzi dagaa.

"Dagaa hawana habari na muziki, mzee. Wao ni taa." Akasogeza wavu kwa mguu. "Muziki ni wetu sisi. Tusilale."

"Na mkilala?"

Akatazama ukingo wa mtumbwi, mahali mwanga wa taa unapoishia na maji yanapoanza kuwa meusi. Kisha akanyoosha mkono akaongeza sauti.